Dalali wa Samaki na Makosa Saba ya Hoja

Saa moja asubuhi soko la samaki limeshajaa, na Mjaka Kificho kasimama juu ya kasha lake, kashika jodari mkiani. Wachuuzi wamemzunguka, wanangoja anadi. Yeye anatafuta maneno.

"Huyu jodari," anasema kwa sauti ya kukwaruza, "kavuliwa jana jioni. Jicho lishaanza kufifia."

Tangu lini dalali akamsema samaki wake mwenyewe? Mchuuzi mmoja anamuuliza mwenziwe kama Mjaka kaamka na homa.

Homa hana. Ana mtihani Jumamosi.

Mjaka, mzaliwa wa Uroa anayeishi Jang'ombe, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa ananadi samaki. Siku ikiwa njema hupata kama shilingi nne, kima cha kulisha nyumba. Mwaka jana sauti ilianza kumkatika, na daktari akamwambia wazi aache kupiga kelele, ama sauti itakwenda isirudi. Ghala moja la karafuu linatafuta karani, kazi ya kalamu na kunyamaza, lakini linataka cheti cha Kiingereza. Ndipo mtu mzima wa miaka arubaini na mbili akaingia darasa la jioni.

Maneno mapya hayakumsumbua. Huandika kumi kila siku kwenye karatasi anayoificha ndani ya kofia. Mwalimu wake, Miraji, anasema daftari la Mjaka hulijua kwa harufu kabla hajalifungua. Tashbiha na mubalagha nazo alizipokea kama jamaa zake. Mtu aliyewahi kuapa kwamba changu mmoja atalisha harusi hafundishwi kutia chumvi.

Balaa lilikuja kwenye makosa ya hoja. Mwalimu aliandika saba ubaoni. La kwanza, kudai jambo ni kweli kwa kuwa watu wote wanalisema. La pili, kumtukana msemaji badala ya kumjibu. La tatu, kuomba huruma pasipo ushahidi. Akaendelea hivyo mpaka ubao ukajaa.

"Nlitazama ule ubao nkajiona mimi," anasema Mjaka. "Ile ndiyo kazi yangu yote, toka asubuhi mpaka adhuhuri."

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kuzungumza: mshawishi mtahini kwa Kiingereza, bila kosa hata moja. Mjaka akamwambia mtahini kwamba soko zima linakisifu Kiingereza chake, kwamba asiyempasisha hajui kazi, na kwamba wanawe watalala na njaa. Makosa matatu kwa pumzi moja! Akaanguka, na haki yake; wa marudio ndio huo wa Jumamosi.

Akaamua kufanya mazoezi sokoni, na hapo akatenda kosa la nane: alimfundisha Bi Tabia.

Bi Tabia hukaanga samaki Jang'ombe, na hununua kwa Mjaka kila siku. Mjaka alimwomba amsikilize akidurusu. Kumbe bibi ana kichwa cha kushika. Wiki ya pili alikuwa ananyoosha kidole mnadani, mbele za watu. Mjaka akisema mji mzima unamtaka kolekole huyu, bibi anamkata: la kwanza. Akisema wavuvi wanasubiri nyumbani na watoto, la tatu. Wachuuzi wengine nao wakajifunza kuhesabu, na bei zikaporomoka. Mimi ninayeyasimulia haya nilikuwa nimesimama pembeni, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mjaka hakucheka.

Leo ndiyo mara ya kwanza ananadi bila kosa. Anaongeza kwamba jodari kachubuka ubavuni, ila nyama ingali ngumu; anayetaka aje aiguse. Bi Tabia anakuja, anaminya, anataja bei. Mwengine anapandisha, bibi naye anapandisha, na samaki anakwenda kwa bei yake ya siku zote, bila Mjaka kupaza sauti.

Namuuliza Jumamosi atasema nini.

"Ntasema nnataka kazi ya karani. Nimesoma miezi minane. Koo langu linakufa."

Kisha anamgeukia Bi Tabia, ambaye keshamtia jodari kapuni, na kumuuliza kwa unyonge kama hilo la koo si la tatu.

Bibi anafikiri kidogo.

"La," anasema. "La tatu ni pasipo ushahidi. Sauti yako tunaisikia."