Samaki wa sabuni wa Papa Murhula

Saa moja asubuhi, Papa Murhula amekaa kibarazani kwake Nyalukemba, mtaa ulio kando ya Ziwa Kivu, amebandika kipande cha plasta ya jasi shavuni kama mtu anayeumwa jino. Anakitoa, anakigeuza, anakibandika tena.

"Bado iko baridi," anasema. "Maji ingali ndani. Tungoje."

Jiko la makaa linawaka, risasi imeshayeyuka ndani ya kisufuria, lakini haimiminwi mpaka plasta ipoteze ule ubaridi. Leo hataki kubahatisha. Hii ndiyo kalibu yake mpya, au "mule" kama anavyoiita, na ikipasuka hana nyingine.

Delphin Murhula, mwenye umri wa miaka 52, ambaye majirani humwita Papa, yaani baba, hutengeneza chambo bandia: visamaki vya plastiki laini, urefu wa kidole, vyenye kichwa cha risasi na ndoano. Wavuvi wa Ziwa Kivu huvitumia kunasa kambale kwenye matete. Plastiki anaitoa kwenye sandali zilizochakaa, na rangi ni shauri la mteja. Josué, mvuvi wa siku nyingi, hataki kuona mkia usio mwekundu. Mwingine huja na kipande cha ndoo ya kijani, akisema hiyo ndiyo rangi yake ya bahati.

"Kila muvuvi iko na samaki yake mu kichwa," anasema Murhula. "Mimi ninamutoaka tu inje."

Zamani alikuwa fundi viatu wa kando ya barabara, kazi iliyokuwa haitoshi hata kodi ya nyumba. Alijua kuunganisha sandali kwa chuma cha moto, basi Josué alipomletea chambo cha dukani kilichokatika mkia, akakitibu. Kambale hawakuona tofauti. Ndipo Murhula akachukua kipande cha sabuni ya mche na wembe, akaanza kuchonga samaki wake mwenyewe.

Alichonga na kutupa, akachonga tena, hadi akampata mmoja aliyeogelea wima. Huyo wa sabuni alimgandamiza kwenye plasta mbichi, akapata kalibu. Kisha akamweka dirishani, akamsahau.

Katikati ya masika haya, mambo yaliharibika. Mvua haikukatika, wateja walikuwa wanamsukuma, naye akamimina risasi kwenye kalibu iliyokuwa na unyevu. Ikalipuka vipande vipande. Kovu liko kwenye kiganja chake.

"Ninashukuru Mungu ilikuwa mukono, haikukuwa jicho," anasema. "Nikasema hakuna shida, samaki ya sabuni iko, nitafanya mule ingine. Nikauliza Georgette, samaki yangu iko wapi? Akanionyesha kamba ya nguo."

Mkewe, aliyeketi mlangoni akichambua maharagwe, anacheka hadi anajifuta machozi. "Mimi niliona sabuni tu," anasema. "Na mashati ya batoto ilitakata muzuri."

Kwa wiki tatu Murhula alichonga bila mafanikio. Samaki wake wapya, kwa maneno yake, "balikuwa banaogelea kama balevi." Sanduku lake la vifaa vya kushonea viatu likatolewa uvunguni mwa kitanda. Alilipangusa vumbi, tayari kurudia kazi ya zamani.

Josué ndiye aliyepeleka habari ziwani. Wavuvi wakaanza kufika, kila mmoja na chambo chake mkononi, ili Murhula akifanye mfano wa kalibu nyingine. Vingine vilikuwa vimeliwa mikia, vingine vimevimba kwa jua. Hakuna hata kimoja kilichofaa, lakini hao watu walikuwa wamekubali kulala bila samaki kwa ajili yake.

"Nililia, sitakuficha," anasema.

Mwisho akaja Marie-Louise, muuza samaki wa Kadutu. Miaka iliyopita Murhula alimzawadia kisamaki, naye akakipenda mno, akakitundika kwenye funguo zake. Hakikuwahi kugusa maji. Akakichomoa palepale, akafunga funguo kwa kipande cha kitenge.

"Kamata, papa," alimwambia. "Funguo haiogeleake."

Sasa plasta, iliyochukua umbo la kisamaki cha Marie-Louise, imeacha kuwa baridi. Murhula anapanga kitu ndani ya kalibu, anaifunga, anamimina risasi polepole. Georgette ameacha maharagwe. Hakuna mlipuko. Plastiki inafuata, nyekundu, kutoka kwenye sandali ya mtoto.

Baada ya muda anaifungua, anamfunga samaki uzi na kumburuta kwenye beseni. Anaogelea wima.

Murhula anashusha pumzi. Akipata uwezo, anasema, atamwomba fundi wa mjini amchongee kalibu ya aluminiamu isiyojali mvua. Samaki wa Marie-Louise ataendelea kuwa mfano, ndani ya kopo, mbali na sabuni zote za nyumba hii.

Huyu mpya hana ndoano. Kichwani, mahali pake, kuna pete ya waya.

"Huyu haendi ku ziwa," anasema, akimkausha kwa shati lake. "Huyu anaenda Kadutu. Ule maman amefunga funguo na kitambaa, siku zote hizi, sababu ya mimi."