Sindano ya Anakleti kule kisiwani

Siamini bado. Kwamba Anakleti amekufa, hiyo naamini, nilimuona mwenyewe ndani ya sanduku juzi hapa Kasongo. Maneno niliyoyasikia kwenye kilio chake ndiyo hayaingii kichwani.

Mujukuu wangu ndiye anaandika, mimi ninasema. Nimemukataza kurembesha kitu. Mimi ni muzee, nina haki ya kukasirika.

Anakleti alikuwa rafiki yangu tangu wakati wa Wabelgiji. Munganga musaidizi wa hospitali, kijana, kaptura imepigwa pasi, anacheka mupaka majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini.

Siku moja padri akatangaza kanisani: ekipe, kikundi cha waganga, inakwenda kwa Wagenya, watu wa mto, kwenye kisiwa kule katikati ya Lualaba, kupiga sindano ya kuzuia malale. Wanawake wa kule hawakubali kufungua nguo mbele ya wanaume peke yao, kwa hiyo wanatafutwa wasichana wa kujitolea. Tulipotoka, Anakleti akaniambia, "Veronika, wewe uko na mudomo. Twende." Nikaenda, bila mushahara, na mama yangu analia eti nitaliwa na mamba.

Safari ile, jamani. Ndani ya mutumbwi yeye alikumbatia sanduku la dawa, mimi nikamukumbatia yeye asianguke. Hakujua kuogelea. Nilimucheka njia nzima.

Kisiwani walitupikia samaki, wakatupa mahali pa kulala. Lakini sindano, hapana. Walikuwa wamesikia inachoma kama moto na kuharibu mwili. Mubelgiji mukubwa wa ekipe alikaa tu kwenye kiti chake cha kukunja, amenuna.

Mimi nililala kwa Mama Feza. Huyo alikuwa anasimama wima ndani ya mutumbwi na kupiga kasia kushinda wanaume. Alinisuka nywele, huku ananiuliza, "Mwanangu, wewe wamekupiga hiyo sindano?" Nikasema bado. "Basi wakupige kwanza, tukuone."

Nikamupelekea Anakleti maneno hayo. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni vizuri. Kesho asubuhi."

Asubuhi wanawake wakanizunguka, wakanikinga kwa vikwembe vyao, zile nguo za kujifunga, nikalala kwenye mukeka, Anakleti akachoma. Nilikaza meno kungojea moto. Haukuja. Nikasimama, nikacheza, wakapiga vigelegele. Mama Feza akanitazama machoni. "Haiumi?"

"Haiumi, mama. Ninakuapia."

Akalala wa kwanza. Ilipoingia alinishika mukono, nikafikiri atauvunja. Hakulia. Alinitazama tu.

Wengine walilia sana. Nikamuuliza Anakleti, mbona wao wanaumia hivi? Akanijibu, "Wewe uko na ngozi ngumu." Nikaamini. Nikajivuna hata. Tangu siku ile akaniita Ngozi Ngumu, siku ya ndoa yangu vilevile, na mara ya mwisho tulipoongea kwa simu.

Mama Feza alitunga jipu pale pale pa sindano. Nyama ikaoza, muguu ukakonda, na kusimama ndani ya mutumbwi kukaisha. Nilikuja kumukuta soko la Kasongo, amekaa chini na samaki wake. Nikapiga magoti kumusalimia. Akafunika samaki kwa majani. "Wewe sikuuzii. Uliniapia."

Nikamwambia, mama, kwangu haikuuma, kweli kabisa. Akageuza uso. Alikufa hivyo, hatujapatana.

Na nililia kwa nani? Kwa Anakleti. Akanipa kitambaa chake, akasema, "Wacha, Veronika. Wale watu hawana shukrani."

Sasa juzi kwenye kilio, mutoto wake wa kwanza akasimama kusimulia akili za baba yake. Eti baba aliwaweza watu wa kisiwa: alimupiga dada mumoja sindano ya maji matupu, dada akacheza, na kisiwa kizima kikajipanga. "Baba alisema angemupiga dawa yenyewe, yule dada angepiga kelele, wote wangekimbia." Watu wakacheka. Mimi nimekaa mbele yake na sahani ya wali mikononi. Hakujua yule dada ni mimi.

Nikarudisha sahani, nikaenda nyumbani.

Anakleti, mbona hukunipiga ile ya kweli? Ningelia, ndiyo. Halafu ningefuta machozi na kumwambia Mama Feza: inauma, mama, inauma sana, lakini malale inaua. Angechagua mwenyewe. Ulinifanya nimudanganye mama aliyenisuka nywele, ukaniona nikilia kwa ajili yake, ukanyamaza. Ukaenda kusimulia watoto wako wacheke. Umeniumiza, Anakleti. Nilikupenda kama ndugu wa tumbo moja.

Na bado ninakulilia, hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Huko ulikokwenda, Mama Feza alitangulia. Umutafute kabla hujapumzika. Mwambie Veronika hakujua. Useme kwa mudomo wako, usitume mutu. Ukishamwambia, basi, ulale salama.