Mvua Niliyowaahidi Watu wa Kola

Msinicheke sana. Nilikuwa nafanya kazi kwa saiba, duka la intaneti, hapa Machakos, na nilizoea kusoma kwa intaneti watu wa Ayalandi wakibishana kuhusu hali ya hewa: baridi yao inaisha, asubuhi jua, jioni dhoruba.

Siku moja Mama Mutuku, mkulima wa Kola, akaniuliza kama mvua iko karibu. Nikaona aibu kusema sijui, nikamtajia yale ya Ayalandi niliyosoma asubuhi hiyo.

"Jumamosi, mama. Tena na upepo."

Akapanda mbegu zote kwa vumbi, kabla ya mvua, majirani wakamfuata. Jumamosi jua likawaka tu. Kuku wakaanza kufukua mahindi, nami nikaanza kukosa usingizi.

Jumatatu akaja na wenzake. "Kijana, hebu tuonyeshe hiyo mvua."

Nikafungua kompyuta kwenye ukurasa ule niliozoea. Wakainama, wakaona wazungu ndani ya makoti, theluji magotini.

Mama Mutuku akaniangalia. "Na hapa ni Kola gani?"