Kadi za Sigara na Kiti Nilichoshindwa Kuinuka

Mnisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na mkono wangu huandika kama mtu anayevuka matope. Herufi nyingine zimelala, na maneno mengine najua nimeyakosea ila sijui ni yapi. Ukurasa wa kwanza umenichukua siku mbili. Lakini mama mdogo amesema nisipoliandika jambo hili mwenyewe, yeye atalisimulia kanisani, na akilisimulia yeye litakuwa refu zaidi.

Tunakaa Beltsville, Marekani, mimi, mama mdogo na mumewe. Nilikuwa nimemaliza miezi saba bila kazi, nikijifunza Kiingereza kwenye televisheni na kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Katika kanisa letu kuna mama mmoja Mkongo, msimamizi wa usafi kwenye maktaba kubwa mjini. Mama mdogo alimsihi kwa miezi mitatu anipatie nafasi. Mwishowe jibu likaja: Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, chumba cha chini kabisa, asichelewe.

"Vaa suti," mama mdogo akasema.

"Ya kufagilia?"

"Ya kuombea kazi. Kufagia utafagia na nguo zako."

Nikavaa suti ambayo baba mdogo alioa nayo. Baba mdogo ni mnene. Nikashika bahasha ya kaki yenye cheti changu cha darasa la saba, nikafika saa nne kamili.

Mlinzi wa mlangoni aliitazama suti, akaitazama bahasha, akanipa fomu nijaze jina na nchi, kisha akanionyesha lifti: juu. Nilijua kazi iko chini. Lakini alisema kwa uhakika sana, na mimi watu wenye uhakika hunishinda. Nikapanda.

Juu, kwenye chumba cha rafu na masanduku ya vitu vya kale, nilimkuta mama wa makamo, Mmarekani mweusi, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Akasoma fomu yangu, akaona Tanzania.

"Hujambo, bwana?" akasema, kwa Kiswahili.

Nilishtuka, adabu ikatoka yenyewe. "Shikamoo, mama."

Akashika kifua. "Marahaba! Marahaba! Nilijifunza lugha hii chuoni zamani, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniamkia hivyo. Karibu sana, mgeni wetu mtafiti. Tafadhali unawe mikono."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba nimepotea. Lakini kwetu Korogwe ukishakaribishwa na kuonyeshwa maji ya kunawa, mambo yamekwisha, unakaa. Mgeni hasemi sitaki, wala hainuki mwenyeji akiwa bado anapakua. Nikanawa. Simu na bahasha vikafungiwa kwenye kabati. Nikapewa penseli, sijui ya nini.

Akaniletea sanduku. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ndogo, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, kila moja imevikwa plastiki.

"Hawa ni wachezaji wa besiboli," akasema. "Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kadi hizi zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Wazee walivuta sigara, watoto walisimama nje ya maduka wakiomba kadi."

"Ni nzuri sana, mama," nikasema. Mgeni lazima asifu.

Besiboli siijui. Niliona wanaume wenye kola zilizofungwa hadi shingoni na nywele zilizopasuliwa njia katikati, wote wana uso wa mtu aliyeambiwa na mpiga picha asicheke. Mmoja ameinua gongo kama amemwona nyoka jikoni. Mwingine amenyoosha mikono kupokea mpira, na mpira wenyewe umechorwa pale juu kama embe lililogoma kuanguka. Nyuma yao anga ni la rangi ya chungwa. Nikawaangalia mmoja mmoja, nikiwashika pembeni kama mama yule alivyonionyesha. Nilitaka kumaliza upesi, lakini sijui kufanya kitu upesi.

Saa ya ukutani ilisema nne na ishirini. Nikabakiza kadi mbili bila kuzitazama, kama mtu anavyobakiza wali kidogo kuonyesha ameshiba.

Mama akaja. "Umesahau mbili, bwana."

Nikazitazama. Akafurahi, akaleta sanduku la pili.

Saa nne na nusu nilikuwa kwenye sanduku la pili. Saa tano, la tatu. Kabatini nilisikia simu ikitetemeka kwenye bati. Nilijua ni mama mdogo anauliza wamesemaje. Jasho lilinitoka ndani ya suti. Nikasimama nusu.

"Mama, naomba ruhusa."

"Aa, bado, bwana! Bado hujaona ya nyuma!" Akaanza kunigeuzia kadi nione matangazo ya sigara upande wa pili.

Na kwetu mwenyeji akikunyima ruhusa mara ya kwanza, huwezi kukazana, utaonekana ulikuja kwa shida. Nikakaa. Tukarudia sanduku la kwanza, safari hii migongo.

Saa sita ilipogonga, machozi yakaanza kunilengalenga mbele ya mtu mwenye gongo. Miezi mitatu mama mdogo amemwomba mtu, na mimi natazama matangazo ya tumbaku.

"Mama," nikasema, "mimi si msomi. Nimekuja kuomba kazi ya usafi. Walikuwa wananingoja saa nne na nusu."

Akavaa miwani, akanitazama vizuri. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa bado unapakua."

Sidhani chuoni walimfundisha hilo, lakini alielewa. Akafunga sanduku, tukashuka naye kwa lifti.

Mama Mkongo alikuwa chumba cha chini, amekalia ndoo aliyoigeuza, anakula ugali na sombe, yaani kisamvu cha kwao.

"Weye ndiyo mtoto wa ule mama?" akasema. "Nilikungojea mpaka nikachoka. Nafasi nimepatia mwingine, saa tano. Na hii kostimu, unaenda kuoa nani?"

Yule mama wa kadi akasimama wima. "Ewe dada, tafadhali umsamehe kijana huyu. Kosa ni langu. Nilimkirimu kupita kiasi."

Mama Mkongo akaacha kutafuna. "Huyu anasema sawa Biblia! Alikufanya nini?"

Nikaeleza yote. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Kisha akanisogezea sahani. "Kula."

Nilikuwa nimejifunza. Nikasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani, "Hapana, asante."

Kicheko kikakatika. "Kazi umepoteza, na chakula yangu unakataa?"

Nikala. Mama wa kadi naye akanawa, akala.

Ndipo mama Mkongo akaniuliza, "Unafanyaka kazi mbio ao pole pole?"

"Pole pole sana, mama."

"Nathibitisha," akasema mama wa kadi. "Ameshika kadi kwa muda wa saa mbili, na hakuna alama ya kidole hata moja."

Kumbe chumba cha juu hakipigwi deki kwa maji. Hufutwa kwa kitambaa kikavu, rafu moja moja, na wafanyakazi wote huikimbia kazi hiyo kwa sababu haiishi. Nimepewa wiki tatu za majaribio. Leo ni wiki ya pili, nimefika rafu ya nne, na mama Mkongo amekuja mara mbili kunitazama bila kusema neno. Sijui kama pole pole yangu inatosha au imezidi.

Ninyi mnaosoma, mkiwa mmewahi kufanya kazi ya majaribio, niandikieni mlijuaje kama mnapendwa. Andikeni herufi kubwa kubwa. Hata kusoma nasoma pole pole.