Mafuta ya Nazi kwenye Kamba

Kazi yangu ni kukata matawi makavu ya miti mirefu inayoinamia nyumba za watu, hapa Lindi. Napanda kwa kamba moja: naitupa juu ya panda nene ya mti, upande mmoja naufunga shinani, upande unaoning'inia ndio ninaoupanda. Kati ya mkanda wangu na kamba kuna fundo. Likiwa legevu linasukumika juu, nikilikalia, linang'ang'ania. Ila langu lilikuwa kaidi. Kila nikilisukuma, kamba ya chini nayo inapanda nalo, nami nahema kama niliyebeba gunia la korosho.

Nyumbani nikalalamika, maana kwa kulalamika mimi hodari. Mama akasikia. Kwake hakuna kigumu kisicholainika kwa mafuta ya nazi: magoti, bawaba, visigino vya wajukuu. Nilipokwenda swala ya Ijumaa, akaipaka kamba yote.

Kesho yake nilikuwa na mti wa mvinje wa kukata matawi. Kama kawaida yangu, nikajining'iniza kwanza karibu na ardhi. Fundo likateleza, nikakaa chini pu! Nikanusa viganja: mafuta ya nazi!

Mwenye nyumba, mtani wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Leo umeungwa nazi kabisa!"

Mimi sikucheka. Niliikunja kamba.

Nilirudi nyumbani nimefura. "Mama, fundo hili likiteleza nikiwa juu, nakufa."

Mama akaitazama kamba. Baba alikufa kwa kuanguka mnazini, na tangu siku hiyo mama hakuwahi kusogelea mti wenye mtu juu.

"Si ulisema linakwama, mwanangu?" akasema. "Nilikuonea huruma."

Hasira zikaniisha, nikabaki na aibu ya kumfokea. Nikamweleza kwamba lisingekwama kama kungekuwa na mtu wa kuivuta kamba kutoka chini, inyooke.

Siku nilipokwenda kwenye mvinje na kamba mpya, akanifuata. Akajifunga khanga kiunoni, akaivuta kamba kwa mikono miwili. Fundo likapanda bila taabu. Nilipotazama chini niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anasoma dua.

Nikakata, nikashuka, nikasimama mbele yake.

"Tayari, mama. Achia."

Aliitazama miguu yangu ikiwa ardhini, na kamba hakuiachia.