Televisheni Mbili za Bwera na Macho ya Bwambale

Mwanangu, kuna siku moja ya soko Bwera ambayo mpaka leo haijanitoka. Nakaa hapa Kasese, magoti yananiuma, mambo mengi ya ujana yameshanipotea, hata majina ya watu niliosoma nao. Lakini siku ile ninayo yote, na kwa kuwa unaanza nyumba yako, nataka nikusimulie. Usiwe na haraka. Mimi mwenyewe siku hizi sina haraka na kitu.

Wakati huo mimi na mume wangu Bwambale tulikuwa bado vijana. Yeye alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja, akibeba mizigo kutoka mpakani Mpondwe. Mimi nilizaliwa kambini, baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini. Ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, lugha ya jeshi, na ndiyo maana ulimi wangu ulikuwa mkali. Kambini hakuna anayembembeleza mwenzake. Unaambiwa simama, unasimama.

Miaka ile televisheni za plasma zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye maduka ya Bwera. Yetu ya zamani, yenye mgongo mkubwa, ilikuwa imekufa, na kila jioni watoto walikwenda kuchungulia dirishani kwa jirani, wanafukuzwa, wanarudi. Kahawa ya shamba letu la kule Kyondo ilipouzwa vizuri, tukakubaliana kununua nyingine. Shangazi yake Bwambale, jina lake Masika, ndiye aliyetutunzia shamba lile. Tulimpitia njiani na gunia lake la maharage, akapanda lori pamoja nasi.

Muuzaji wa televisheni aliitwa Kasereka, mtu wa upande wa Kongo, mchangamfu sana. Alituwekea mbili juu ya meza, zimepangwa bega kwa bega: moja plasma, nyingine nyembamba zaidi, yenye mwanga mkali, si plasma. Akaziunganisha zote mbili na mashine moja ya filamu ili tulinganishe. Kwanza akatuonyesha mpira. Kwenye ile nyembamba, mpira ukipigwa uliacha kama kivuli nyuma yake. Kwenye plasma ulikwenda safi.

Hapa nikuambie kidogo, maana na wewe utanunua. Dukani kila picha huwa nzuri. Wanaongeza rangi mpaka nyanya inaonekana kama inawaka moto. Mwambie muuzaji apunguze rangi, kisha tazama uso wa mtu, maana uso unaujua. Sogea pembeni utazame ukiwa huko, kwa sababu nyumbani si wote mtakaa katikati. Na umwombe akuonyeshe giza. Giza ndilo linalosema ukweli wa picha.

Kasereka hakusubiri kuombwa. Alishusha mlango wa bati nusu, duka likaingia kivuli, akaweka sehemu ya filamu ambapo watu wanatembea msituni usiku.

"Mama, tazama hii," akaniambia, akigonga kioo cha plasma kwa ukucha. "Batu beko batatu mule ndani ya giza. Unabaona?"

Niliwaona. Mmoja alikuwa na kofia. Weusi wa ile plasma ulikuwa weusi wa mkaa, na bado watu walijitenga nao vizuri. Kwenye ile nyingine giza lilikuwa kama majivu, watu wamefifia, lakini walikuwepo. Moyo wangu ukawa umeshachagua.

"Hii," nikasema.

"Hapana," akasema Bwambale. "Mimi nataka ile nyingine. Hii iko giza tu, haionyeshi kitu."

Nilidhani anafanya ujanja wa sokoni, anaikosoa plasma ili Kasereka ashushe bei. Nikamkonyeza. Hakunijibu hata kwa jicho. Kasereka naye alifikiri hivyo hivyo, akacheka, akairudisha filamu nyuma. Watu watatu wakapita tena.

"Hakuna mtu pale," Bwambale akasema. Alikuwa ameanza kukasirika. "Mnanifanya mjinga?"

Watu waliokuwa mlangoni wakageuka kututazama. Nikaona aibu, na aibu kwangu ilikuwa ikitoka kama amri. "Bwambale, fungua macho!" nikamkemea mbele ya wote.

Shangazi Masika alikuwa ameketi juu ya gunia lake la maharage tangu tuingie. Akainuka.

"Usimwambie afungue macho," akaniambia. "Yako wazi."

Akaenda kusimama nyuma ya bega la Bwambale. Akamwambia aendelee kutazama mbele, kisha akainua mkono kando ya kichwa cha Bwambale, karibu kabisa na sikio. Akaanza kuchezesha vidole. Mimi au mtu mwingine yeyote angegeuka. Bwambale alitazama mbele tu. Shangazi akausogeza mkono taratibu kuelekea puani. Ulifika karibu na kona ya jicho, Bwambale hajashtuka. Ulipokaribia pua ndipo akaruka kama aliyepigwa.

Hakuna aliyecheka. Kasereka akaizima filamu mwenyewe.

"Baba yako alianza hivi," Shangazi akasema. "Akawa anagonga milango, sisi tunasema ni pombe. Tukamsema mpaka akaacha kutoka nje." Kisha akatugeukia wote wawili. "Na nyinyi munagombana juu ya picha gani nzuri. Kwa nini hakuna mmoja anauliza mwenzake anaona nini?"

Bwambale akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya lori, ameketi chini na mgongo kwenye gurudumu. Nikaketi naye kwenye vumbi.

Akaanza mwenyewe. Alisema kwa muda mrefu sasa, jua likianza kushuka, watu barabarani hutokea ghafla mbele ya lori kama wameanguka kutoka juu. Pale Kinyamaseke, mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani aliwahi kutokea hivyo. Alikanyaga breki, na lori liliposimama yule mama alikuwa ameweka kiganja chake kwenye bati la mbele, wanatazamana kwenye kioo. Hakujua ametoka upande gani. Tangu siku ile alikuwa akimdanganya tajiri wake kwamba lori lina matatizo ya taa, ili asitumwe jioni.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia, tungekula nini?"

Akanyoosha mkono na ufunguo wa lori. Nilishindwa kuupokea. Nilijua nikiupokea, maisha tuliyoyazoea yamekwisha. Shangazi Masika ndiye aliyeuchukua, yeye ambaye hakuwahi kukaa kwenye usukani, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Tukampelekea tajiri habari aje achukue gari lake. Tukarudi nyumbani bila lori na bila televisheni.

Tulipokwenda hospitali, daktari alituambia presha ya ndani ya jicho imekuwa ikiua mshipa wa kuonea, polepole, bila maumivu, ikianza kukunyima cha pembeni na cha gizani. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, ikiwa hatutaacha kuitia. Na akasema ugonjwa huu hupita katika ukoo, tulete watoto. Tukawapeleka. Biira wetu, binti wa pili, akakutwa nao umeanza. Kama si mambo ya siku ile asingepimwa mapema hivyo. Leo ni mwalimu kule Ibanda, anasahihisha madaftari ya watoto, anatia matone yake, anaona.

Televisheni tulinunua baadaye sana, na haikuwa plasma niliyoitaka. Ilikuwa ile yenye mwanga mkali, maana ndiyo Bwambale aliweza kuifuata akisogeza kiti karibu. Mimi niliona majivu, yeye aliona watu. Kwake tulikuwa tumechelewa, nuru iliyobaki ni kidogo, na siku hizi anasikiliza tu.

Sikufichi, mwanangu, nimechoka. Matone asubuhi, matone jioni, miaka yote hii. Kumshika mkono kwenda kanisani, kumwambia hapa kuna ngazi, hapa kuna maji. Shamba la Kyondo nalipanda mwenyewe kwa magoti haya, na Shangazi Masika tulishamzika. Kuna siku Bwambale ananiuliza jambo lile lile tena na tena, nami nasikia sauti ya kambini inapanda kooni. Naishusha. Si kila siku nafaulu.

Basi sikia ninachokuambia. Utaishi na mtu, na kuna siku utamwonyesha kitu kilicho wazi kama mchana, naye atasema hakioni. Usikimbilie kumwita mkaidi, wala mjinga, wala mjanja. Kaa naye umuulize anaona nini, kisha umwamini anachokujibu, hata kama kinakutisha. Na wewe ukianza kupotewa na kitu, macho, nguvu, hata furaha, usikibebe peke yako kwa kuogopa mtakula nini. Sisi tulikula. Vibaya siku nyingine, lakini tulikula. Na nenda upimwe macho, wewe na mwenzako, kabla hata ya kununua viti.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu. Akupe mtu atakayekuuliza unaona nini, na akupe moyo wa kumjibu kweli.