Siku Nilipotanguliza Udi

Tulikuwepo mimi, mdogo wangu Ruqaya ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa, mdogo wetu wa mwisho Nassor, Bi Zuwena mama wa mwanamume, dada yake Bi Aziza, na mwanamume mwenyewe, Khalfan, aliyebaki nje kwenye gari kama adabu inavyotaka. Nawataja wote ili nisije nikajidanganya kwamba hakuna aliyeona, maana waliona, na aibu yangu wanaisimulia mpaka leo kwenye kila shughuli, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe.

Mimi nina hasasia ya udi. Watu wakikaa wakabishana mzio upi ni mgumu zaidi kuishi nao, mmoja atataja karanga, mwingine kamba, mwingine vumbi, nami huwanyamazia tu, kwa sababu kamba ukimkataa anabaki sahanini, hakufuati, lakini udi hapa Maskati unakungoja kwenye lifti, umo kwenye duka la nguo, umo kwenye kanzu ya karani wa benki, na ukienda kwa watu unaletewa mpaka chini ya buibui kwa mapenzi (na mapenzi ya mtu unayakataaje?). Nikiuvuta kidogo tu napiga chafya, macho yanavimba, sauti inakatika. Ndiyo maana kwenye shughuli zote huwa naondoka mapema, na wako wanaodhani nina kiburi.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tisa. Niliacha shule nikakaa kwenye cherehani, nikawalea hawa wawili hapa hapa Mawaleh, na sijajuta. Lakini siku ya posa nilikuwa na hofu moja, kwamba wageni wataondoka wakisema hawa watoto hawakupata wa kuwafunza. Na Bi Zuwena kwenye mambo ya udi si mtu wa kawaida, ana duka Hamriya na anauchanganya kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mimi nikamwambie mwanamke huyo kwamba nyumba hii haifukizwi? Halafu aanze kujiuliza kama maradhi yangu yamo kwenye ukoo mzima? Nikaamua kunyamaza. Nikatoa kabatini chetezo cha marehemu mama, nikaenda famasi kununua vidonge, na mfamasia akaniambia kimoja tu, tena wakati wa kulala. Nikameza viwili, baada ya alasiri.

Wageni wakachelewa kwa foleni ya magari kutoka Bawshar. Walipoingia jua lilikuwa linataka kuzama na mimi pia.

"Ndiye wewe uliyewalea?" Bi Zuwena akanishika mkono. "Mashaallah. Mimi nilidhani ntakuta mtu mzima."

Nikacheka, nikawakalisha, na nilipokuwa naitazama midomo yao ikizungumza mbali kabisa, likanijia wazo ambalo nililiona la akili sana: vidonge sasa viko kwenye nguvu zake, nikisubiri mwisho vitakuwa vimekwisha na nitampigia huyu mama chafya usoni, kwa hiyo udi uje sasa. Nikatoka uani, nikamkuta Nassor anapepea makaa.

"Nipe chetezo."

"Sasa hivi, dada? Kahawa bado."

"Sasa hivi."

"Lakini dada..."

"Nassor, nani mkubwa hapa?"

Akanipa.

Udi kwetu ndio mwisho. Chetezo kikiingia, mgeni anajua mwenyeji ameshamaliza naye, anachukua mkoba wake na kuaga. Hata mtoto anajua, na mimi najua, ila siku hiyo kichwa kilikuwa kimelala kabla yangu. Nikaingia na tabasamu, nikasimama na moshi mbele ya mwanamke ambaye hajaonja hata tende.

Bi Aziza alikuwa ameanza, "Sisi tumekuja na neno," akalikatisha hapo hapo. Bi Zuwena alitazama chetezo, akatazama sahani ya tende iliyokuwa bado imefunikwa, akanitazama mimi. Kwa adabu zake akainua buibui, akajifukiza, akampa dada yake. Kisha akasimama.

"Haya, mwanangu. Tumefahamu. Ahsante kwa kutukaribisha."

Walikuwa wameshavaa viatu wametoka wakati Ruqaya alipokuja na sinia la kahawa, akakuta sebule tupu.

"Wako wapi?"

Uso ule nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku nilipomwambia kuwa mama harudi. Hapo usingizi ukaniruka. Nikakimbia nje bila viatu, chetezo kingali mkononi (msiniulize kwa nini sikukiweka chini), upepo ukinirudishia moshi wote usoni, nikasimama mbele ya gari ili niseme rudini, na kilichotoka kikawa chafya, moja juu ya nyingine, huku macho yanafumba na majirani wanafungua milango.

Khalfan akateremsha kioo. "Mama, huyu anafukiza gari?"

"Anatuapiza," Bi Aziza akasema kutoka nyuma. "Rudi nyuma, Khalfan, taratibu."

Nassor ndiye aliyefika akaninyang'anya chetezo. "Msamehe, mama. Dada ana hasasia ya udi. Amekunywa vidonge ili auvumilie, na tangu magharibi hajui anachofanya."

Bi Zuwena akashuka. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye taa ya gari.

"Udi ndio uliokufanya hivi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na unajua, na bado ukanifukizia. Kwa nini?"

"Msije mkasema hatukulelewa."

Akaniachia kidevu. Kisha akamwambia Nassor, "Kamwagie maji kitu hicho," akamwambia Khalfan azime gari, na kwa kuwa ndani kulijaa moshi, mkeka ukatandikwa kwenye banda la gari, karibu na mitungi ya gesi, na Ruqaya akaileta kahawa yake huko. Posa ilitolewa hapo. Mimi niliisikia nusu, nimeegemea ukuta. Wanasema nilipoulizwa nilijibu "naam" vizuri kabisa, ndipo nikaanza kukoroma.

Tangu siku ile sifichi tena. Nikibisha hodi kwa mtu, kabla hata ya salamu kwisha, nasema mimi na udi hatupatani, na hakuna aliyewahi kunifukuza.

Lakini Bi Zuwena aliondoka na neno. "Nnakudai, mwanangu. Sijapata kutolewa kwa udi na njaa. Siku moja utanilisha nishibe, halafu utanifukiza kwa mkono wako, ndo ntaondoka."

Ruqaya na Khalfan sasa wana mtoto. Bi Zuwena huja kwangu kila wiki, amevaa buibui aliloliacha nje usiku kucha ili lisinuke kitu, anakula, anashiba, na mlangoni ananigeukia.

"Deni langu?"

"Bado, mama."

"Basi mimi bado nipo hapa," anasema, na anakwenda zake kwenye gari.